Uji Mwepesi

Masasi, 3 Februari 1957

Mjomba Kasiani,
Shikamoo. Mimi mzima, homa imeniacha. Mama hajambo? Na shamba?

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Jioni wenzangu wakienda kuimba, mimi nakwenda kwa daktari mgeni anayekaa nyuma ya shule. Anawalaza panya kwa dawa, anawapiga kichwani, kisha anachunguza miili yao inakifanyia nini chakula. Kazi yangu ni kuwapima uzito na kuandika, kwa Kiingereza. Mkojo wa panya aliyepigwa ukichemshwa na dawa ya buluu hugeuka rangi ya tofali: una sukari. Usimwambie mama, atasema nanuka panya. Naipenda kazi hii, Mjomba, hata naona aibu.

Mpwa wako,
Josephina

Newala, 16 Februari

Mpwa wangu,
Marahaba. Sisi wazima, ila mama yako. Juzi akipandisha debe la maji kutoka bondeni aliteleza, kichwa kikagonga jiwe. Alishinda hana fahamu. Sasa anatujua, lakini ulimi mzito. Mvua imekata barabara, na machela haishuki mteremko ule. Barua hii anakuja nayo Muharami kwa miguu.

Shangazi yako Scholastika kaleta asali na uji wa karanga. Anasema aliyeumia kichwa alishwe sana. Nikamwambia, tunaye mtu wetu anayejua mambo ya vichwa, tumwulize kwanza. Unasemaje?

Mjomba wako,
Kasiani

Masasi, 19 Februari

Mjomba,
Shikamoo. Nimelia kwanza ndipo nikaandika. Mpe mama pole yangu. Daktari yuko Lindi, sina wa kumwuliza. Lakini nimeona kwa macho yangu: kichwa kikiumia, mwili hujaa sukari. Msimpe asali, wala karanga, wala kitu kizito. Uji mwepesi na maji tu, mpaka sukari ishuke. Shangazi asinikasirikie.

Mpwa wako,
Josephina

Newala, 2 Machi

Mpwa wangu,
Marahaba. U mzima? Tumeshika neno lako. Shangazi yako kanijia juu: "Kasiani, Kwaresima haijafika, nawe unamfungisha mgonjwa?" Nikamjibu, msomi kasema. Mama yako akacheka kwa upande mmoja wa mdomo: "Mwanangu ananionea. Njaa inaniuma. Haya, nipeni huo uji wake."

Lakini amepungua. Bangili zake sasa zinapanda mpaka kwenye kiwiko. Hiyo sukari itashuka lini?

Mjomba wako,
Kasiani

Masasi, 5 Machi

Mjomba, shikamoo, mlisheni leo hii.

Daktari amerudi. Ile sukari hushuka yenyewe. Baadaye mwili huanza kuunguza nyama yake, hata mgonjwa akiwa amelala tu. Panya tuliowanyima chakula walikonda wakafa. Walioshibishwa, wengi walipona. Uzito wao niliuandika kwa mkono wangu, na sikuelewa nilichoandika. Asali, karanga, mayai, mchuzi wa kuku, chochote atakachomeza. Muharami asilale njiani.

Josephina, mpwa wako

Newala, 11 Machi

Mpwa wangu,
Pole, mama. Muharami alitukuta tukitoka kaburini. Dada yangu alituaga Ijumaa asubuhi. Wanawake wawili tu walitosha kumbeba.

Watu wanauliza nani alikataza asali. Nimewaambia ni mimi. Shangazi yako hasemi nami. Atasema siku moja. Barua zako nimezichoma. Wewe usibishe, soma.

Mjomba wako,
Kasiani

Masasi, 17 Machi

Mjomba,
Shikamoo. Nashindwa kuuliza hali zenu.

Nimekuwa nikikuandikia huku nimefunika karatasi kwa mkono, wenzangu wasisome. Na wewe umenifunika. Usinifunike tena. Siku ya arobaini, watu wakikusanyika, waambie ni Josephina aliyekataza. Mwambie shangazi kwamba yeye ndiye aliyejua. Usipowaambia, nitakuja kuwaambia mwenyewe, ingawa unanijua, mbele ya watu sauti hainitoki. Mama alikuwa na njaa, Mjomba, akanicheka, akanywa.

Daktari aliniita jana, sikwenda.

Nasikia viatu vya mwalimu Isabela vinakuja mlangoni. Ataniuliza naandika nini. Nimeondoa mkono.

Mtoto wa dada yako,
Josephina