Mpira wa Katikati

Jumanne, 9 Juni

Mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Magoti yanauma. Miaka thelathini na tisa, nimerudi chuo hapa Nachingwea kusoma stashahada na vijana wanaonizidi kila kitu isipokuwa mvi. Bila mpira wa wavu ningekuwa mgeni tu hapa.

Leo tena servisi imedondoka kati yangu na Hamisi. Mara ya nne wiki hii. Sababu naijua. Nilimfundisha darasa la nne, kwao Nkowe. Wengine wakiutaka mpira wanafoka "Toka!" na mtu anatoka. Hamisi kwangu anasema, "Samahani, mwalimu." Akimaliza, mpira uko chini.

Jumatano, 10 Juni

Kocha amechoka. Kasema mpira ukidondoka tena kwenye mashindano ya Ijumaa huko Ruangwa, Hamisi anakaa benchi mpaka mwisho. Hamisi, si mimi. Kocha naye ni mdogo kwangu, ananionea haya. Nimejisikia vibaya sana. Kijana ndiye anayepokea vizuri kuliko sisi wote.

Nimemwita pembeni, nikamwagiza anifokee. Kasema hawezi. Nikamwambia hilo ni agizo la mwalimu. Kaitikia vizuri. Jioni uwanjani: "Samahani, mwalimu." Wenzetu wamecheka mpaka wakakaa chini. Nami nimecheka, ingawa nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 12 Juni

Ruangwa. Nusu fainali tumeshinda, seti tatu kwa moja. Bahati tu. Servisi zao karibu zote zilikwenda kwa wenzetu, mbali na mimi na Hamisi.

Hamisi hajala. Mama yake anakuja kesho kwa bodaboda, kaacha ufuta shambani. Aje kumwona mwanawe benchi kwa sababu yangu? Sitajisamehe.

Jumamosi, 13 Juni

Mabingwa.

Fainali na wenyeji, seti mbili kwa mbili. Seti ya tano tunaongoza kumi na nne kwa kumi na tatu. Servisi ikaja pale pale, katikati. Nikanyoosha mikono. Nyuma yangu: "Toka, we mzee!"

Nikaruka pembeni kama kuku. Hamisi kapokea. Pasi. Smashi. Basi.

Nimelia mbele ya uwanja mzima na sijali. Vijana wamenibeba juu. Nilipomtafuta Hamisi nimshukuru, sikumwona. Kumbe kajificha nyuma ya gari la chuo, ananikwepa. Jioni nzima hakunisogelea.

Jumapili, 14 Juni

Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, mama Hamisi amekuja tulipolala. Kaniletea karanga. Hamisi nyuma yake, macho chini. Mama alikaa kitako. Kisha:

"Mwalimu, tusamehe. Mwanangu kakukosea heshima mbele za watu. Nimesikia mwenyewe."

Nikamwambia, "Mama, hakunikosea. Nilimwagiza, akanitii."

Alinitazama sana, akitafuta kama namfariji tu. Nilikuwa nasema kweli. Miaka kumi na tano nimetiiwa na watoto kwa sababu ya fimbo na chaki. Huyu kanitii kwa jambo lililomuuma. Sijui nimshukuruje.

Mama akakubali. Akamgeukia mwanawe, akamwambia abebe begi langu mpaka kwenye gari.

Nimemwacha abebe.