Mwisho Niliouficha

Alhamisi. Mvua imeanza saa saba mchana na bado inaendelea. Ukungu umeshuka mpaka kwenye bustani ya chuo chetu cha ualimu, na mashamba ya mkonge kule bondeni hayaonekani kabisa. Wenzangu wako kwenye mazoezi ya kwaya. Nimesema naumwa kichwa. Si kweli. Nimebaki bwenini kwa sababu nina jambo la kuandika, na nimeliahirisha wiki sita.

Naona aibu.

Mwanzoni mwa mwaka, mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwingereza mrefu ambaye sisi wanachuo tunamwita Bwana Miwani, alirudi kutoka likizo kwao akiwa na kamera ya sinema. Akasema tumechoka kuona zile picha za gari la sinema la Serikali, za kupanda miti na kunawa mikono. Sasa tutatengeneza picha yetu wenyewe, tena picha ya taharuki. Akachagua wanachuo wanane. Mimi nilipewa kazi mbili: kuandika hadithi, na kuwa msemaji. Picha zetu hazina sauti, kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya pazia awaeleze watu kinachotokea.

Alitufundisha kanuni za picha za namna hiyo kwa chaki ubaoni. Mtazamaji aione hatari kabla ya yule inayemkabili. Mtu wa kutiliwa shaka aonekane mapema, lakini asijulikane. Mikono ionyeshwe kabla ya uso. Ukweli ukae mbali kadiri iwezekanavyo. Na msemaji ajue kunyamaza, maana penye kimya ndipo hofu inapokua. Niliyanakili yote. Sijawahi kupenda somo kama nilivyolipenda lile.

Hadithi yangu niliiita *Gunia*. Msichana mdogo anatumwa mtoni kuteka maji, harudi. Siku hiyo hiyo mgeni mwenye gunia anaonekana akipita njiani. Watu wanamshuku, wanamfuata, wanamzingira. Mwishoni analifungua gunia na kumwaga yaliyomo: miiko ya kupikia. Yeye ni mchongaji tu. Na msichana anakutwa ng'ambo ya mto kwa bibi yake, anakula mahindi.

Hadithi nzuri. Hata leo nasema ni nzuri, na hilo nalo linaniumiza.

Wa kubeba gunia tulimpata Kerenge, chini ya mlima wetu. Wote wanamwita Baba Sabina. Ni Mmakonde, alikuja kutoka kusini na mkataba wa mkonge, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alioa Mzigua, akapata kipande cha shamba, na kila Jumatano akauza miiko, mipini ya majembe na vinu pale gulioni. Usoni ana chale ndefu za kwao. Niseme ukweli: tulimchagua kwa sababu ya zile chale. Ni mimi niliyesema, "Uso ule hauhitaji kupakwa rangi."

Siku ya kupiga picha alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amechana nywele. Nikamwomba alivue, avae koti lake la kazi lililochanika. Alinitazama kidogo, kisha akacheka.

"Kumbe mnataka ule wa shambani," akasema.

"Ndiyo, mzee. Inapendeza zaidi kwenye picha."

Hatukumweleza hadithi. Tulimpiga picha vipande vipande: tembea hadi pale, geuka, kaa, chonga kama unavyochonga kila siku. Kile kipande cha mikono yake ikinoa tezo yake ya kuchongea kilipigwa nyuma ya nyumba yake, mkewe akisonga ugali kando. Kile cha msichana akigeuka nyuma kwa woga kilipigwa wiki mbili baadaye, mtoni, na aliyemshtua alikuwa mwenzetu mmoja aliyeangusha ndoo. Baba Sabina na yule msichana hawakuwahi kuonana. Ila Bwana Miwani alipoviunganisha vile vipande kwa gundi, mikono, kisha mtoto, kisha mikono tena, nywele zilinisimama mimi mwenyewe niliyejua yote.

Tuliionyesha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule ya Kerenge. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ya bweni, na picha ya Malkia iliyokuwa ukutani ikateremshwa ili tutundike shuka. Watu walijaa mpaka milangoni. Baba Sabina hakuwapo. Alikuwa amekwenda Korogwe kutafuta mbao.

Nilisimama kando ya shuka nikaanza kusema. Sijui niieleze vipi raha niliyoipata. Nilipopunguza sauti, watu mia mbili walizuia pumzi pamoja nami. Ilipotokea ile mikono na tezo, mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Mumiani! Huyo ni mumiani!"

Kila mtu huku anajua maana ya neno hilo. Mtu anayewawinda watu awanyonye damu, akaiuze. Wazee wanalitamka kwa kunong'ona. Nilipaswa kusema palepale, "Hapana mama, ngoja uone." Badala yake nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Kisha nikauliza polepole, "Ninyi mwaonaje?"

Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki.

Na hapo, kabla gunia halijafunguliwa, utepe ukakatika. Bwana Miwani alihangaika na mashine, gundi ikawa imekwisha. Akanijia, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mhina, waambie mwisho kwa mdomo. Waambie, halafu waende nyumbani."

Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema. Ni miiko tu.

Nikawageukia watu. Nyuso zote zilinitazama mimi, Mhina wa Sindeni, mtoto wa mkulima wa mahindi. Nikasema, "Mwisho mtauona Jumamosi ijayo, hapahapa."

Watu walipiga kelele za kulalamika, lakini za furaha. Bwana Miwani akacheka, akanipiga begani. Nililala siku ile nikitabasamu.

Jumatano nilishuka gulioni kununua sabuni. Baba Sabina alikuwa ametandika gunia lake mahali pake pa siku zote na kupanga miiko juu yake. Pande zote mbili palikuwa wazi. Wauza nyanya walikuwa wamehamia ng'ambo. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mkono asipite karibu. Yeye aliendelea kusalimia watu, na watu hawakuitika.

Kisha wakaja wanaume watano au sita.

"Wewe, kile kigunia kingine kina nini? Fungua tuone."

"Kina mipini. Jamani, si mnanijua?"

"Fungua!"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, sabuni mkononi. Nilijiambia atatokea mtu mzima wa kuamua. Nilijiambia mimi ni mwanachuo, nikiingia kwenye ugomvi nitafukuzwa. Nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi sana. Aliinua kichwa akatazama upande wangu. Sijui kama aliniona.

Niliondoka. Niliposikia kelele nyuma yangu, niliongeza mwendo.

Jumbe, mkuu wa kijiji, ndiye aliyewazuia, lakini alichelewa. Walimpiga kwa mipini yake mwenyewe. Walichoma miiko yote. Walimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaoshikia tezo. Kabla ya Jumamosi yeye na mkewe na Sabina wao walikuwa wameondoka Kerenge na mizigo yao kichwani.

Jumamosi tulionyesha mwisho. Miiko ikamwagika, Baba Sabina akacheka juu ya shuka, mkubwa kama nyumba. Waliokuwapo walipiga makofi. Bwana Miwani alikuwa amekwisha kusikia yaliyotokea, na alihuzunika kweli, nilimwona. Lakini aliniambia, "Watu wa hapa bado hawajazoea sinema." Nikaitikia kwa kichwa. Ile nayo ilikuwa dhambi yangu, kuitikia. Watu walifanya yale tuliyowaandalia kuyafanya. Yalikuwemo hata kwenye hadithi: wanamshuku, wanamfuata, wanamzingira.

Likizo ilipofika nilipanda lori Korogwe kwenda nyumbani. Mama yangu ndiye aliyeniambia, bila kujua, kwamba binti ya jirani wa shangazi yangu amerudi na mumewe Mmakonde, wanakaa nje kidogo ya mji wa Handeni. Nilikaa na habari hiyo siku nne. Siku ya tano nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya wakwe zake, akijaribu kuchonga kwa mkono wa kushoto. Mwiko ulikuwa umepinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Mama Sabina alitoka, akaniona, akarudi ndani bila kunisalimia. Nilianza kumwomba msamaha yule mzee, maneno yakanikwama, nikaanza tena. Aliniacha nihangaike. Kisha akauliza, "Hadithi yenyewe ilikuwaje?"

"Hadithi gani, mzee?"

"Ya kwenye hiyo picha yenu. Mimi nimepigwa kwa ajili yake, lakini siijui."

Nikaketi chini nikamsimulia, tangu mtoto kutumwa maji. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi barazani. Nilipofika kwenye gunia kufunguliwa, akanyanyua mkono.

"Kwa hiyo mwishoni naonekana nikicheka."

"Ndiyo, mzee."

"Na watu wanajua sina kosa."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua hivyo, siku ile."

"Nilijua."

Alivipapasa vile vidole viwili ambavyo havikunjiki tena. Sikuwahi kuogopa kimya kama kile.

"Msamaha usiniombe hapa," akasema mwishowe. "Hapa sina adui. Nenda kaseme kule gulioni, mbele ya walionipiga. Nikisikia umesema, tutazungumza mimi na wewe."

Mama Sabina akasema kutoka ndani, "Mwache aende zake. Hatasema huyo."

Nilirudi chuoni wiki tatu zilizopita. Jumatano ya kwanza nilisingizia mtihani. Ya pili nilifika mpaka kwa wauza chumvi, nikageuka. Jana nilikwenda.

Nilipanda juu ya sanduku tupu karibu na wauza nyanya. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, lakini yalitoka hovyo. Nikasema yule mchongaji hakuwa mumiani. Nikasema ile ilikuwa picha ya kutungwa, vipande vilivyounganishwa kwa gundi. Nikasema mtoto hakupotea, na gunia lilikuwa na miiko, na mtu asiye na kosa amevunjwa mkono.

Watu kama thelathini walisimama kusikiliza. Mwanamume mmoja, muuza tumbaku, akacheka.

"Mwalimu, usitufanye wajinga. Sisi tuliona kwa macho yetu wenyewe."

Namfahamu yule mtu. Siku ya sinema alikuwa Tanga. Hakuona chochote, ila amesimuliwa ile picha mara nyingi mpaka anaiona. Nilijaribu kumjibu, na wengine wakaanza kusema kwa pamoja, wengine wakimuunga mkono, wengine wakisema walihudhuria Jumamosi ya pili na waliiona miiko. Wanaume wawili walinipa kisogo wakaondoka haraka, nadhani walikuwamo kati ya waliompiga.

Ndipo mwanamke mmoja muuza nyanya, aliyekuwa jirani wa Baba Sabina pale gulioni miaka mingi, akasimama, mikono kiunoni. Alikuwa na machozi, lakini sauti yake ilikuwa kali.

"Mimi nilikuwepo siku ya kwanza. Nilirudi nyumbani nikafunga watoto ndani siku nne. Jumatano nikahamisha nyanya zangu nisikae karibu na mtu aliyenichongea kinu cha harusi yangu. Sasa niambie. Ule mwisho, nani aliyetunyima?"

"Mashine iliharibika, mama."

"Mdomo haukuharibika. Nani aliyesema tungoje?"

Na mimi nikajibu, "Sisi wanachuo tulikosea. Tunaomba radhi."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akainama akaendelea kupanga nyanya zake, na watu wakatawanyika.

Nilipanda mlima nikiwa nimefarijika. Nilijiona shujaa, kabisa. Nilipofika nusu ya njia, karibu na daraja la mbao, ndipo nikayasikia upya maneno yangu mwenyewe, nikasimama.

Nilisema "sisi".

Wale wenzangu saba walikuwa wamekaa gizani na watazamaji. Bwana Miwani aliniambia niseme. Hapakuwa na "sisi" yoyote pale mbele ya shuka. Hata nikiungama, bado natafuta watu wa kujificha nyuma yao, na yule mama alilijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana hakunijibu.

Mwezi wa kumi na mbili nitapewa cheti. Nitasimama mbele ya watoto, na wataamini kila nitakalosema kwa sababu tu nimesimama mbele.

Kwaya wamemaliza, nasikia wanakuja mbio kwenye mvua. Nimebakiwa na nafasi kidogo kwenye ukurasa huu. Kesho nitakwenda kwa mkuu wa chuo nimweleze mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine. Akinifukuza, atakuwa amenifukuza. Na Jumatano nitarudi Kerenge, mwanachuo au si mwanachuo. Sitapanda sanduku. Nitakwenda moja kwa moja kwa yule mama wa nyanya, nimwamkie, nimwambie: ni mimi, Mhina. Nilijua, na nikawanyima kwa sababu nilipenda mnavyonitazama.

Sijui atasema nini. Sina haki ya kulijua mapema.