Hisa Isiyo na Mnunuzi

Alhamisi, 1986, Ngokolo. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Rafiki yangu hasemi nami, na sijutii.

Nchi hii haina soko la hisa. Mwalimu Lutema wa biashara ametutengenezea la kuigiza, tujue wenzetu duniani wanafanyaje. Mwalimu wa siasa aliuliza kama sasa tunafundishwa ubepari. Lutema akamjibu kwamba hata adui husomwa. Makundi yananunua na kuuza hisa za kampuni za kubuni kwa pesa za karatasi. Mimi sina kundi. Mimi ndiye mpanga bei.

Kampuni ya dhahabu haina shida, kila mtu anaigombania. Tabu ni ile ya pamba. Hisa zake karibu zote ziko kwa kundi la Zuhura, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na tangu mchezo uanze hakuna aliyezigusa. Jana, soko likikaribia kufungwa, Zuhura akamuuzia binamu yake wa kundi jingine hisa moja tu, kwa bei ya kutisha. Kwa bei hiyo, zote walizobaki nazo zingepanda, na wao wangeshinda. Washindi wanapelekwa Mwanza. Dada yake amejifungua huko. Zuhura hajamwona mtoto.

Nilijua yote hayo.

Leo, siku ya mwisho ya mchezo, nikaandika ubaoni bei ndogo ya pamba.

"Kulwa, kanuni ni bei ya mauzo ya mwisho," mwalimu alisema.

"Mwalimu, mbuzi akiuzwa kwa shemeji, hiyo ndiyo bei ya mnada?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Futa."

Kifutio sikukishika. "Zitangaze zilizobaki, mwalimu. Akipatikana mtu wa kuzinunua kwa bei ya Zuhura, nitafuta mwenyewe."

Akazitangaza. Hakuna aliyeinua mkono. Akamgeukia yule binamu: "Wewe uliyenunua jana, ongeza hata moja." Binamu akainamia dawati. Mwishowe kundi la nyuma likataja bei yake, chini hata ya ile yangu. Kumbe na mimi nilikuwa nimewapendelea akina Zuhura! Nikafuta yangu, nikaandika hiyo.

Kundi la Zuhura limekuwa la pili. Safari imewaponyoka.

Zuhura alinisubiri getini. "Ulikuwa mchezo tu, Kulwa. Ungepungukiwa nini?"

Nikamuuliza, kama ni mchezo tu, kwa nini alidanganya? Akaondoka bila kuaga.

Inauma. Nimerudi nyumbani peke yangu, vumbi mdomoni, nikimlaumu yeye, kisha mwalimu, kisha hata yule mtoto mchanga asiye na kosa.

Lakini bei ni ile ambayo mtu asiyekujua anakubali kuitoa. Wakinipa chaki tena, nitaandika vilevile, hata hisa zikiwa za mama yangu.

Kesho baada ya shule nakwenda kwao. Nitamwamkia mama yake, nitakaa. Zuhura akitaka kunifukuza, anifukuze.

Urafiki nitauomba. Msamaha wa ile bei, siombi.