Unga Uliogeuza Shaba Kuwa Fedha

Ijumaa. Baridi ya kipupwe, na upepo umevuma tangu alfajiri hadi vumbi la stesheni limeingia kwenye chungu. Silalamiki. Leo mke wangu Nyemo amekula ugali.

Alinunua kopo la unga wa meno kwa mchuuzi aliyeshuka na treni kutoka pwani. Unga mweupe, unanukia karafuu. Sisi tumezoea mswaki wa mti, lakini wake za makarani wenzangu walikuwa nao, na Nyemo naye ana moyo. Meno yaling'aa kweli. Hata bangili yake ya shaba, pale ilipodondokewa na unga wenye mate, iligeuka nyeupe kama fedha. Tulicheka, tukasema tumepata utajiri.

Kisha ufizi ukavimba. Mate yakamtiririka, vidonda vikajaa kinywani, mwishowe taya likakaza hata kijiko hakipiti. Akawa anakonda mbele ya macho yangu.

Niliogopa nitamzika.

Mama mkwe akaja na ng'ombe wake wa maziwa. Kwa mila za Wagogo mkwe hatazamani na mkwewe, kwa hiyo alisema nami akiwa amenipa mgongo. Alikuwa ameiona ile bangili.

"Baba, kitu kinachokula shaba, ufizi kitauacha?"

Nikakimbiza kopo kwa daktari wa Kijerumani bomani. Alisugua unga kidogo kwenye waya wa shaba, waya ukawa mweupe. Zebaki, akasema, ni sumu, asiuguse tena. Kwenye kopo palikuwa na picha tu ya bibi anayetabasamu, bila neno lolote la sumu.

Ila kujua sumu si kumlisha mgonjwa. Nyemo aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini alipokuwa binti, kama wenzake wote wa Kigogo. Mama yake akapitisha mrija wa unyasi katika pengo lile, akamnywesha maziwa funda kwa funda, mpaka taya likalegea.

"Ndiyo maana tunang'oa," aliniambia, mgongo ule ule.

Alhamdulillahi. Ahsante, mama. Sina cha kukulipa.

Kesho mimi mwenyewe nitamkatia Nyemo mswaki wa mti.

Tangu nimuoe, mbele ya wageni hucheka ameziba mdomo kwa mkono, akilionea haya pengo lake. Jioni hii karani mwenzangu alikuja kumjulia hali, akatutania kwamba bangili ile tumpelekee sonara kabla haijarudi kuwa shaba. Nyemo akacheka, na mkono wake ukabaki mapajani.