Matumbawe, Maharage na Mbegu za Mama Chantal

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi. Mawingu yamepita juu ya kwetu Nyabusozi bila kudondosha kitu.

Wiki nzima nawaza matumbawe, mimi ambaye sijawahi kuona bahari. Mwalimu wa bailojia alitueleza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Tumbawe linatoa nyumba, mwani unatoa chakula. Maji yakizidi joto, tumbawe huutema mwani wake. Linabaki jeupe, na mwani usiporudi, linakufa kwa njaa.

Nilitaka kuuliza: kwa nini limfukuze anayelilisha? Sikunyoosha mkono. Huwa sinyooshi.

Leo swali hilo limenikuta shambani.

Mama Chantal alikuja na wanawe kutoka Burundi, akapitia kambi ya wakimbizi, na sasa analima ukingo wa shamba letu. Anatusaidia kupalilia, nasi tumemwachia sehemu hiyo alime. Msimu huu alichanganya mbegu zake za maharage na zetu. Kwetu na kwao ndivyo tunavyopanda, nyekundu, njano na madoadoa pamoja, ili aina moja ikishindwa nyingine ipone. Lakini mvua imekatika, majani yanageuka manjano.

Asubuhi baba aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu.

"Mmeona? Mbegu za mkimbizi zimetuletea ugonjwa," alisema. "Kesho baada ya misa namwambia atafute pengine."

Mama Chantal alikuwa akipalilia upande wa pili. Kirundi chake na Kisubi chetu vinasikilizana, kwa hiyo alielewa kila neno. Aliacha kulima, akasimama tu, ametupa mgongo.

 Vinundu vile nimeviona kitabuni.

Nilikwenda kwenye kipande cha bibi, ambako hakuna mbegu ya mtu mwingine, nikafukua mche. Vinundu vilevile! Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu chekundu. Kingine kilikuwa kikavu, cha kijivu. Nilijisahau kabisa pale, nikawa napasua tu kimoja baada ya kingine.

Kisha nikamfuata baba. 

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Si umeniamkia alfajiri? Sema unachotaka."

"Hata maharage ya bibi yana vinundu. Si ugonjwa. Ndani kuna bakteria. Wanaulisha mche, na mche unawalisha."

Alicheka. "Vijidudu vinalisha maharage! Huyo mwalimu wenu amelima wapi?"

"Pasua mwenyewe, baba."

Akapasua viwili vitatu vya mche alioung'oa. Akakisogeza kimoja chekundu karibu na macho.

"Mbona kama nyama?"

"Vyekundu vinafanya kazi. Hivi vya kijivu vimechoka. Ukame ukizidi, mche na bakteria hawalishani tena."

"Kwa hiyo mbegu zake hazina kosa."

"Hazina. Ni jua."

Alikivingirisha kile kinundu kati ya vidole. Nilitaka kukimbia, lakini nikauliza: "Na Mama Chantal?"

"Mama Chantal amefanya nini? Kwani nani amemfukuza?" Akapaza sauti kuelekea upande wa pili: "Mama Chantal! Ukimaliza hapo, njoo na huku kwetu, magugu yanatushinda!"

Mama Chantal aligeuka. "Mmeyalea wenyewe hayo, sasa mnaniita mimi!" Baba akacheka, naye akaja.

Nimefurahi, siwezi kuficha. Lakini nimekaa hapa kwenye kompyuta ya parokia na bado nafikiri. Leo baba alikuwa na kinundu chekundu mkononi, cha kumwonyesha kwamba kazi inaendelea. Baada ya wiki mbili, kama mvua haijanyesha, vyote vinaweza kuwa vya kijivu, na debe la mwisho la maharage nyumbani litakuwa limekwisha.

Siku hiyo, baba akianza tena habari ya kumfukuza Mama Chantal, nitamwonyesha nini?