Boite inanuka kuungua

Siku ya ine, mangaribi

Neema, mutoto wetu, ametoka kunusa shati ya baba yake, anasema: «Papa, unanuka maharagi ya kuungua.» Ni mafuta ya boite, ile sanduku ya gia ya kamyo yetu.

Kaka yangu, shofere wa Beni, alimuonya bwana yangu. Boite ni otomatike. Ukiongeza mazutu, ile dizeli, ku pompe ya motere ili motere ikuwe na nguvu, weka na radiatere ya kupoza boite. Nilipomukumbusha, bwana yangu akacheka: «Mama Neema, kaa ku kupika sombe yako.» Akaongeza pompe, radiatere hakuweka.

Leo ku mulima wa Musienene, na muzigo ya viazi, boite ikateleza, motere ikalia bure. Niko na hasira. Ile kamyo ni chakula yetu.

Lakini boite haijakufa. Bakipunguza pompe, bakibadirisha mafuta, itapona.

Bwana yangu ananiita inje: «Mama Neema, leta tochi, tunapunguza pompe.» Ninamupelekea. Lakini akinicheka tena, mimi ninarudi ndani na tochi yangu.