Kufuli la Jumapili

Makanyagio, Mpanda
Alhamisi, 19 Juni 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Ponsian,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima hapo Karema, wewe na wifi pamoja na watoto, na kwamba kile kidole ulichojipiga nyundo kimepona, maana seremala bila kidole gumba ni mtazamaji tu. Mimi siumwi, namshukuru Mungu. Kula nakula kidogo na kulala nalala kidogo, lakini siumwi.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ya hapo nyumbani unaijua. Mama akiipokea anaweka sauti kubwa, na jirani anaitikia salamu kabla yako. Haya ninayotaka kukueleza hayawezi kupita kwenye simu ya namna hiyo. Nakuomba uisome peke yako, na mama umwambie tu kwamba sweta aliyonifumia imenitosha. Barua ataileta Aloyce, anayeondoka kesho asubuhi na gari la Karema. Bahasha nimeibandika gundi mara mbili. Aloyce hajanikosea kitu, ila siku hizi sijui nani nimwamini na nani nisimwamini, na kila mtu akinitazama naona ananichunguza. Jambo lenyewe ni kwamba mlinzi wetu, Elias, anapoteza kazi Jumamosi hii kwa kosa ambalo nina hakika hakulitenda.

Nianze mwanzo. Unakumbuka nilivyokaa nyumbani miaka miwili na cheti changu cha Tabora, mpaka Mama Christina aliponichukua kuwa karani wa mashine yake ya kukoboa mpunga. Napokea wakulima, wengi wao wa kutoka Mpimbwe, naandika jina la mwenye mali kwenye kila gunia, na naweka alama za mahudhurio ya vibarua. Msimu huu mpunga umekuja mwingi mno. Mashine za wenzetu zinakoboa siku zote saba. Yetu hufungwa Jumapili.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka jana kibarua mmoja alisinzia huku anatembea na gunia mgongoni, akaanguka akavunjika mfupa wa bega. Alikuwa amefanya kazi siku kumi na tisa mfululizo. Mama Christina alituita wote akasema Mungu aliyempa kazi ndiye aliyempa na mapumziko, na yeye hawezi kuipokea baraka moja na kuikataa nyingine. Tangu siku ile Jumamosi jioni anafunga kwa mkono wake. Funguo za kufuli ziko mbili, mmoja anao yeye, wa pili ninao mimi.

Tulifurahi, kaka, lakini furaha yetu haikukaa. Kuanzia mwezi wa nne nilianza kuona mambo. Jumamosi tunaacha magunia yaliyochanika yamerundikwa kona moja. Jumatatu nikifungua, yameshonwa yote, kwa mshono mdogo mdogo wa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ambao hakuna kibarua wetu anayeuweza. Sakafu imefagiliwa. Rundo la pumba nje limepungua. Nilimuuliza Mama Christina, akacheka, akanijibu kwamba mimi niandike magunia na ya Jumapili nimwachie yeye. Jibu hilo lilinikaa vibaya. Halafu Jumapili moja nikiwa natoka misa nilimwona anakwenda upande wa mashine na bakuli lililofunikwa kitambaa.

Nyanda, yule kijana wa Kisukuma anayeongoza vibarua, ndiye aliyenipa jina la kitu nilichokuwa nakiogopa. Alisema kule kwao wanayajua hayo, kwamba huo ni msukule: mtu aliyechukuliwa kwa uchawi, ndugu zake wakazika wakidhani amekufa, kumbe yuko mahali anafanyishwa kazi bila kupumzika milele. Aliniuliza, wewe dada karani uliyesoma, hujiulizi pumba zinakwenda wapi? Msukule hali wali. Vibarua wakacheka, mmoja akasema kama ni hivyo basi na yeye ni msukule, maana tangu Pasaka hajala wali. Mimi pia nilicheka. Nyanda akaongeza kwamba ukimkuta anakujua, na akikuita usiitike, ukiitika umekwisha.

Nilisoma, kaka, na ni Mkristo, nilijiambia huo ni upuuzi. Lakini nilimsimulia mama mwenye nyumba wangu, kama utani, na binti wa duka la simu, na yule mshonaji tunayepakana naye. Wiki mbili hazikupita, mtaa mzima ulikuwa unavuka barabara ukifika kwenye mashine yetu siku ya Jumapili.

Na lingine lililonitia shaka lilikuwa daftari la mahudhurio. Kuna mzee anaitwa Zefania, ametokea upande wa Kigoma, kibarua mpya, mpole, haongei sana. Jumamosi haji kazini. Vibarua wanasema anakwenda mnadani. Nilipotaka kumwandika mtoro, Mama Christina alinikataza, akasema nimwekee alama kama wengine. Nilikaa nikayapanga yote pamoja, mzee asiyeandikwa mtoro, bakuli, pumba, mshono, na kila nilipoyapanga niliogopa zaidi. Sikuuliza tena. Mtu mwingine angeuliza.

Sasa nifike kwenye lililotokea. Jumatatu hii asubuhi Mama Christina alirudi kutoka msibani Ilembo, ambako alilala. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimesimama nje na vibarua, nikisema ufunguo wangu nimeusahau chumbani. Alifungua yeye. Nyuma ya mlango, juu ya magunia matupu, alikuwa amelala Mzee Zefania, mweupe kwa vumbi toka nywele hadi kucha, midomo imepasuka. Alikuwa amefungiwa humo tangu Jumapili saa tatu asubuhi. Alikunywa maji ya ndoo tunayonawia mikono. Tulimpeleka zahanati akawekewa dripu.

Hapo ndipo Mama Christina alipotueleza, huku analia kwa hasira. Mzee Zefania ni Msabato. Siku yake ya kupumzika ni Jumamosi, kwa hiyo Jumapili hufanya kazi ndogo zisizohitaji mashine: anashona magunia, anafagia, anapakia pumba kwa wachoma tofali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba isitangazwe, maana alikotoka wenzake walimsema kwamba anakwepa siku ya mzigo mzito kwa kisingizio cha Mungu, wakamsumbua mpaka akaondoka. Na bakuli lilikuwa ugali na dagaa.

Jumapili hiyo Mama Christina alimfungulia mapema, akaliacha kufuli likining'inia wazi, akaenda Ilembo. Baadaye mtu akapita akalibana. Mzee aliita na kugonga. Watu walimsikia, kaka. Mshonaji amekiri alisikia akafunga dirisha. Bodaboda mmoja alimshusha abiria wake njiani akageuza. Mtaa mzima ulimsikia binadamu anaomba kufunguliwa, na hakuna aliyekwenda, kwa sababu walikuwa wameambiwa aliyemo si binadamu.

Elias alifika kwenye lindo jioni. Wakati huo sauti ya mzee ilikuwa imekauka kwa vumbi, anagonga tu. Elias hana ufunguo, na uvumi alikuwa nao kama wengine. Alikwenda kukaa ng'ambo ya barabara na rungu lake mpaka kunakucha. Anasema alimpigia simu Mama Christina haikupatikana, na akanipigia mimi pia mara mbili. Mama Christina alinigeukia mbele ya watu wote akaniuliza kama ni kweli. Nilijibu kwamba simu yangu ilikuwa imezimika.

Basi kosa likamwangukia Elias. Mama Christina anasema kubana kufuli lililoachwa wazi ni kazi ya mlinzi, kwamba alipita asubuhi ile akaliona liko wazi, akalibana bila kuchungulia, na jioni aliposikia kugongwa akaogopa kosa lake mwenyewe ndiyo maana akakaa kimya. Elias ameapa kwa watoto wake. Ameambiwa Jumamosi arudishe koti na tochi. Amekuwa akija kila siku kukaa pale getini bila kazi, na nikipita ananisalimia, habari za leo dada karani, wala haniulizi habari ya simu.

Jana niliambatana na Nyanda kwenda kumtazama Mzee Zefania anakoishi. Tulimpelekea machungwa. Nyanda alimwomba radhi kwa maneno yake ya msukule, na mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema wiki hii Mungu amempa Sabato mbili, ya pili akamnyima tu chakula. Alituambia pia kwamba amemweleza Mama Christina waziwazi kuwa aliyefunga si Elias, lakini Mama Christina anadhani anamhurumia mwenzake. Nyanda akamuuliza kama anamjua aliyefunga. Mzee aliendelea kumenya chungwa. Alisema yeye kesho Ijumaa jua likizama anaingia Sabato, na hapendi kuingia kwenye pumziko la Bwana akiwa amebeba neno la mtu. Akasema atamsubiri mwenye neno lake aje kulichukua mpaka hapo, baada ya hapo atalitua mwenyewe. Hakunitazama hata mara moja. Nyanda anadhani ulikuwa mfano wa dini.

Kaka Ponsian, ni mimi niliyelibana lile kufuli.

Nilitoka misa ya kwanza nikapita pale. Mlango ulikuwa umerudishwa, kufuli liko wazi, na ndani kulikuwa na kitu kinaburuta. Nilichungulia kwenye ufa. Niliona umbo jeupe lote, limejifunika gunia kichwani kama kofia, linatembea taratibu peke yake. Sasa najua vibarua wote hujifunika hivyo kwa ajili ya vumbi, na nilijua hata siku ile, nawaona kila siku. Mkono wangu ulibana kufuli kabla sijafikiri. Nikakimbia.

Kama ningekuandikia hivyo tu, ungenihurumia, ungesema ni woga. Siyo hivyo tu. Nilikuwa sijafika mbali aliponiita. Alisema, dada karani, ni mimi Zefania, umenifungia. Hatua chache tu nilikimbia kwa kumdhania msukule. Nilipofika kona ya kanisa nilishaijua ile sauti. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, nimeushika. Nikawaza nikirudi nitamwambia nini, na watu wamejaa njiani wanaenda misa ya pili, watanicheka, karani mwenye cheti. Nikajiambia nitarudi wakiisha kuingia. Kisha nikaingia nao.

Nilikaa misa ya pili yote, kaka. Padre alihubiri kwamba Mungu alimpa Adamu kazi ya bustani kabla ya dhambi, kwa hiyo kazi ni baraka, na kwamba amri ya kupumzika haikumtaja mwenye nyumba peke yake, ilimtaja na mtumishi, na ng'ombe, na mgeni aliye ndani ya malango. Nilisikia neno moja moja. Kila wimbo ulipokwisha nilisema nitatoka wimbo unaofuata. Mchana nikasema Mama Christina atampelekea chakula atamfungua. Jioni Elias alipopiga, simu ilikuwa mkononi mwangu, inaita, jina lake linaonekana. Niliiacha ikaita mpaka ikakata, mara zote mbili.

Woga ulichukua dakika moja. Saa zote zilizobaki zilikuwa aibu yangu tu, nami nikampa Elias aibebe.

Siandiki ili unipe ushauri. Barua itakufikia mambo yakiwa yameisha. Nimekaa siku tatu nikiazimia kumwambia Mama Christina, na kila nikimkaribia naishia kumuuliza habari za magunia. Najijua. Kwa hiyo kesho kwanza nitampa Aloyce bahasha hii stendi, nisubiri gari liondoke, ndipo niende kwake na ufunguo wangu, nikamweleza habari ya kufuli, na ya simu, Elias akiwepo. Wewe ukishajua, nitakuwa siwezi tena kugeuka. Huenda wiki ijayo nikarudi nyumbani Karema bila kazi. Mama nitamweleza mwenyewe, uniachie hilo.

Wasalimie wote: wifi, watoto, mama, na jirani anayeitikia simu. Niombee. Nimechoka, kaka, uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Pelagia